Usalama wa Pwani na Sheria za Uvuvi: Maneno kwa Wanachama na Wageni Wao

Hotuba ya Kamati ya Usalama ya tawi letu, iliyosomwa katika mkutano wa wanachama huko Likoni. Tumeipiga chapa ili wenzetu wa Changamwe na Kisauni waliokuwa zamu siku ile nao waisome.



Huenda wengine wenu mwauliza: Kamati ya Usalama ina shauri gani na ndoana na nyavu? Kazi yetu si kofia za chuma, viatu vigumu, kamba za winchi na ngazi za meli? Ni kweli, hiyo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Lakini mfanyakazi ana siku ya kupumzika, na katika mji wetu siku hiyo wengi huimalizia pwani. Wengi wetu tulitoka bara. Mwezi wa Desemba ukifika, shemeji, wajomba na watoto hushuka kwa gari moshi na kwa basi kutuamkia, na jambo la kwanza wanalotaka ni kuiona bahari. Sisi ndio tunaowapeleka. Kwa hiyo sisi ndio tunaopaswa kujibu wakipatwa na jambo.

Tena kuna jambo ambalo kila mwanachama yampasa alijue. Sheria ya Fidia ya Ajali za Kazini ya mwaka 2007 yamlipa mtu aliyeumia kazini na kwa sababu ya kazi yake. Mtu akizama Jumapili huku akitafuta kitoweo, sheria ile haimjui. Chama hakitakuwa na mlango wa kubisha. Mjane atarudi kwao na sanduku na mikono mitupu. Haya si ya kutishana, ni ya kuelezana.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwafundisha wengine, twataka kuungama. Mwaka mmoja, Jumapili iliyofuata Krismasi, tawi letu lilifanya matembezi ya wanachama na jamaa zao kwenye ufuo wa upande wa Timbwani, hapa Likoni. Tulikuwa watu thelathini hivi, na nusu yao walikuwa wageni wasiopata kuona maji ya chumvi. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Tulifika mnamo saa nne za asubuhi, tukakuta maji yamekupwa kabisa, mwamba uko wazi, watu wanatembea juu yake kama barabarani. Tukasema, leo tumebahatika.

Wenzetu sita walikuja na juya waliloazima kwa rafiki. Wakaanza kulikokota juu ya majani ya baharini. Mzee mmoja, nahodha wa pale, akaja kwa adabu, akasema, "Wanangu, wavu huo hauruhusiwi hapa. Na msikae mwambani kupita saa tano na nusu." Twaona haya kuyasema majibu tuliyompa. Tulimwambia bahari si ya baba yake. Mzee hakujibu. Alirudi chini ya mkungu wake akaendelea kushona tanga.

Mnamo saa sita na nusu, wenzetu watano waliokuwa wamekwenda ukingoni kutazama mawimbi, pamoja na mtoto wa miaka minane, waligeuka kurudi. Nyuma yao, kati ya mwamba na ufuo, palikuwa pamejaa maji. Walipoingia yalifika kiunoni, hatua chache mbele yakafika kifuani, na mkondo ukaanza kuwavuta upande. Hakuna aliyejua kuogelea. Sisi tuliokuwa ufuoni tulipiga kelele tu, na kelele haziokoi mtu. Aliyewafuata kwa mtumbwi na pondo ni yule yule mzee pamoja na kijana wake, kwa safari mbili. Hakufa mtu. Shemeji wa mwanachama mmoja alilala hospitali usiku ule kwa maji aliyokunywa.

Walipokwisha kuwafikisha wote nchi kavu, mzee aliitazama ndoo yetu. Ndani yake mlikuwa na tasi na changu wa urefu wa kidole, mamia, wamekwisha kufa. Akasema, "Hawa ndio mshahara wangu wa mwakani." Hakusema neno jingine, wala hatukuwa na neno la kumjibu.

Hotuba hii imetokana na siku ile. Baadaye tulimwendea yule mzee na wenzake, tukamwomba radhi, tukamwomba atufundishe. Mengi tutakayoyasema sasa ni ya kwao.

Maji yanavyokwenda

Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Toka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Kila siku saa zake huchelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa hiyo aliyekwenda jana akakuta maji yamekupwa saa nne, asidhani kesho ni vivyo hivyo.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni siku za bamvua. Maji hukupwa mbali sana na kujaa sana, na tofauti yake hapa Kilindini hupita mita 3, yaani karibu mara mbili ya kimo cha mtu. Mwezi ukiwa nusu ni siku za maji mafu, na tofauti ni ndogo. Sasa sikilizeni vizuri: siku za bamvua, hapa Mombasa, maji hukupwa mnamo saa nne za asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Hizo ndizo saa ambazo mgeni hufika pwani. Anakuta mwamba mkavu, anafurahi, anakwenda mbali, na kumbe maji yamekwisha kugeuka.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda kidogo, hata mtu hajui. Saa ya pili yaongezeka. Saa ya tatu na ya nne ndizo mbaya, maana katika saa hizo mbili peke yake hupanda nusu ya kipimo chote. Wala hayaji mbele yako tu, huzunguka kwa nyuma, kwa sababu kati ya mwamba na ufuo pana bonde. Ndivyo walivyonaswa wenzetu.

Mamlaka ya Bandari hupiga chapa jedwali la maji ya Kilindini. Asiyeweza kulipata amwulize mvuvi yeyote, naye atamwambia kwa hesabu ya mwezi bila kutazama karatasi.

Kwa hiyo twasema hivi:

1. Mwende mwambani maji yakiwa bado yanakupwa, na mgeuke kurudi mara yanapoanza kujaa. Msingoje kuyaona.

2. Msisimame kwenye mlango wa mwamba. Maji ya kupwa hutoka kwa nguvu pale. Ukichukuliwa, usishindane nao kurudi ulikotoka. Elea, ogelea ukikata upande mpaka utoke katika mkondo, ndipo uelekee nchi kavu.

3. Asiyejua kuogelea asimrukie anayezama, la sivyo mtazika wawili. Mtupieni kamba au dumu. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko huweza kumshikilia mtu mzima asizame. Kila kundi liendalo pwani lichukue dumu moja na kamba.

4. Vaeni viatu. Kuna taa mwenye mwiba aliyejifukia mchangani, na kuna samaki afananaye na jiwe ambaye miiba yake ina sumu kali. Burura miguu, usiikanyagishe. Aliyechomwa atiwe mguu katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

5. Bunju asiliwe. Sumu yake haitoki kwa kupikwa, hata ukimchemsha mchana kutwa.

6. Pombe na bahari ni vitu viwili visivyokaa nyumba moja. Hapa hatuna la kueleza zaidi.

Miezi ya kusi, hasa Juni mpaka Agosti, mawimbi ni makubwa. Kaskazi bahari hutulia, na hapo ndipo watu huisahau hatari yake.

Sheria za uvuvi

Mgeni hudhani samaki ni wa Mungu na kila mtu avue atakavyo. Samaki ni wa Mungu, ila uvuvi una sheria. Iliyopo sasa ni ile ya mwaka 2016. Na toka mwaka 2007 kuna kanuni za vikundi vya wavuvi vya kuangalia fuo, viitwavyo BMU. Kila bandari ya wavuvi ina kikundi chake na wazee wake. Wao si polisi, lakini wana haki ya kukuuliza unavua kwa chombo gani. Ukiulizwa, jibu kwa adabu. Msifanye tulivyofanya sisi.

Juya la kukokota ufuoni lilipigwa marufuku na Serikali mwaka 2001, pamoja na bunduki ya kupigia samaki chini ya maji. Baruti na sumu, hata utupa wa kienyeji, ni marufuku vile vile. Sababu ya juya si ngumu. Majani ya baharini ndiyo malezi ya samaki. Tasi, changu na wengineo hukulia pale. Juya hung'oa majani na kuzoa vitoto kabla havijazaa. Ndugu wafanyakazi, sisi twajua maana ya mtu kula akiba ya chama kabla ya mgomo. Juya ni hivyo hivyo: wachache wala leo, na wengi wafunga njaa kesho.

Kasa na mayai yake, pomboo na nguva hawaguswi. Kasa akinaswa katika mshipi wako, mwite mvuvi umfungue, usimbebe nyumbani. Kamba mwenye mayai tumboni arudishwe majini. Kauri, kombe na matumbawe msiokote ili kupeleka bara kama zawadi, maana kwingine ni kosa la sheria na kila mahali ni hasara.

Mshipi wa mkono na ndoana ni chombo halali. Lakini sheria yatambua uvuvi wa kuuza na uvuvi wa michezo, na kila mmoja una leseni yake. Kabla ya kutia ndoana, pita kwanza kwa wazee wa BMU au ofisi ya uvuvi, waeleze wataka kuvua nini na kwa nini. Ni hatua chache tu, nazo zitakuondolea fedheha ya kunyang'anywa vyombo mbele ya watoto wako.

Mahali na mahali

Likoni na Mtongwe. Mlango wa Kilindini si mahali pa kuogelea wala pa kuvulia. Meli kubwa haina breki kama gari. Nahodha wake hakuoni chini ya omo, na hata akikuona hawezi kusimama. Mawimbi yake hufika ufuoni baada ya meli yenyewe kupita, yakamzoa mtu aliyekaa juu ya mawe. Karibu na kambi ya Jeshi la Maji huko Mtongwe msitupe mshipi wala kupiga picha.

Juu ya feri hatuwezi kupita kimya. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na gati. Iliyoundwa kuchukua watu 300 ilikuwa imebeba zaidi ya 400. Walikufa watu 272, na wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi, wakienda kazini kisiwani. Miaka miwili baadaye, Mei 1996, majirani zetu wa Tanzania walipata msiba wa MV Bukoba katika Ziwa Viktoria, na mwaka 2011 Spice Islander karibu na Nungwi. Katika misiba yote mitatu chombo kilibeba watu kupita kiasi chake. Tena tarehe 29 Septemba, 2019, gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka feri hapa Likoni, na mama na mtoto wake wakafa ndani yake. Ilichukua siku 13 kuwatoa. Basi: msikimbilie feri iliyojaa, hata kama karani wa zamu atakukata saa moja. Abiria washuke garini kabla ya kuvuka. Dereva atie breki ya mkono na kuhakikisha magurudumu yamezuiwa. Na watoto wasivue wala kuoga kwenye gati la feri.

Changamwe. Upande wa Port Reitz na Kipevu hakuna mchanga mweupe, kuna tope na mikoko. Tope humnasa mtu mguu huku maji yakipanda. Asiende peke yake. Karibu na magati ya mafuta msivue, msiwashe moto, wala msivute sigara. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika hori la Makupa na mikoko mingi ikafa, na mwaka 2005 yakamwagika tena bandarini. Kwa hiyo chaza na kaa wa mahali penye harufu ya mafuta au maji ya taka wasiliwe. Mikoko isikatwe kwa kuni, maana kamba na samaki wadogo hulelewa katika mizizi yake.

Kisauni na Nyali. Mbele ya fuo za Nyali, Bamburi na Shanzu kuna Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyowekwa mwaka 1986. Sehemu ya ndani, kilomita 10 za mraba, haivuliwi kabisa, wala hakitolewi kitu, hata kauri moja. Sehemu ya nje, kilomita 200 za mraba, yaruhusu uvuvi wa vyombo vya asili. Ukitaka kwenda kutazama matumbawe kwa mashua, hakikisha mwenye mashua ana leseni, na kila abiria, mkubwa na mdogo, amepata jaketi la kuokoa maisha kabla ya kusukumwa. Asipokuwa nayo, shuka. Pesa zako zitanunua kitu kingine.

Katika Ufuo wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates, siku za Idi na Krismasi watu hujaa kama siafu. Yale matairi ya kuelea yanayokodishwa si chombo cha usalama. Upepo ukitoka nchi kavu na maji yakikupwa, tairi huenda na mtoto mpaka mwambani. Mzazi mmoja katika kila kundi asiingie majini, kazi yake iwe kuhesabu watoto. Jua likianza kutua, wote watoke.

Likitokea jambo, pigeni 999 au 112, lakini mwiteni na mvuvi aliye karibu, maana yeye ndiye atakayefika kwanza.

Haki yetu

Ndugu, tumesema mengi juu ya wajibu, na chama hakiwezi kusema wajibu bila haki. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yasema kuwa nchi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni mali ya umma. Haina hoteli wala tajiri. Mfanyakazi na watoto wake wana haki ya kuitembea. Lakini haki hiyo yafaa nini ikiwa vichochoro vya kushukia pwani vimezibwa kwa kuta? Mvuvi naye alilia kilio hicho hicho tulipokaa naye: mahali alipopandisha mtumbwi baba yake sasa pana ua na askari. Na njia ikizibwa, watu hushukia penye mawe na mkondo, na hapo ndipo wanapoumia. Kwa hiyo shauri la njia za pwani ni shauri la usalama, nasi tutalipeleka mbele ya Serikali ya Kaunti pamoja na wavuvi, si peke yetu.

Tuliyoazimia

Mkutano ulikubali kwa kauli moja haya:

1. Kila juma, saa za maji kujaa na kupwa zitabandikwa kwenye ubao wa tawi, pamoja na siku za bamvua.

2. Matembezi yoyote ya tawi yatakuwa na mvuvi mwenyeji wa kuyaongoza, naye atalipwa ujira wa siku nzima. Maarifa yake ni kazi, na kazi hulipwa.

3. Tawi litanunua kamba, madumu na majaketi ya kuokoa maisha kutoka mfuko wa ustawi.

4. Hakuna mwanachama atakayeleta juya katika matembezi ya chama. Atakayelileta atajibu mbele ya Kamati.

5. Kaunti iombwe kuweka vibao vya onyo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwenye kila njia ya kushukia pwani katika Likoni, Changamwe na Kisauni.

Tumemaliza. Mvuvi ni mfanyakazi asiye na tajiri wala cheti cha malipo, na bahari ndiyo kiwanda chake. Tukiingia humo tuingie kama tungependa mgeni aingie katika gati letu: aulize kwanza, avae inavyopasa, asiguse asichokijua, na atoke mzima.

Yule mzee tulimwalika leo, naye amekaa pale nyuma. Baada ya mkutano atasimama kujibu maswali yenu, nasi twawaomba mmsikilize vizuri kuliko tulivyomsikiliza sisi.